Bonge la Udongo Dirishani

Lipo kando yangu ninapoandika haya. Ni bonge la udongo la ukubwa wa ngumi, limekauka hata ukiligonga mezani linalia kama kigae. Upande mmoja umeparuza na una vitundu vya mizizi. Upande wa pili ni laini, unang'aa, mithili ya chungu kilichosuguliwa kabla ya kuchomwa.

Ni huo upande laini ulioninyima raha kwa wiki sita.

Hapo ndipo beleshi langu lilipopita. Siku ile chuma kilizama ardhini bila hata kukikanyaga kwa nguvu, kikatoka na pande zito la udongo mweusi uliolowa, nami nikaona ardhi imekubali. Nilijiandaa kwa kazi ya kutoka jasho, nikapata kazi nyepesi. Eneo la mita 2 kwa 5 nililimaliza kabla ya saa sita mchana.

Bonge hili niliokota baadaye, katikati ya eneo lilelile, likiwa na wenzake wengi. Nilijaribu kulivunja kwa mikono. Nikalikanyaga. Nikalipiga kwa mgongo wa jembe, likagawanyika mara mbili, na kila nusu ilikuwa ngumu vilevile. Nusu moja nikaileta ndani.

## Unga

Anayelima nyuma ya nyumba ana siku zake za kulima, na mara nyingi si ardhi inayozichagua. Mimi nilikuwa na Jumamosi. Mvua ilinyesha Jumatano na Alhamisi, Ijumaa kukawa na mawingu, Jumamosi jua likatoka. Nikajiambia, nisipolima leo nitalima lini?

Nikageuza nyasi chini juu. Nikamwaga mboji, nikaichanganya hadi kina cha beleshi. Jumapili jioni, juu palipokuwa pameanza kukauka, nikapita na reki mara tatu, mara ya mwisho taratibu kabisa, nikitoa kila kijiti na kila kijiwe, mpaka uso wote ukawa unga. Ulikuwa unga mzuri sana. Nilisimama nikautazama mpaka giza likaingia.

Chini ya unga sikutazama.

Upande mmoja nikasia karoti, upande wa pili nikapanda miche ya spinachi. Siku ya nne mvua ikapiga kwa kishindo, kama nusu saa hivi. Baada ya hapo likawa jua tupu. Siku ya kumi na mbili upande wa karoti haukuwa na kitu, ila uso wa ardhi ulikuwa umeshikana ukawa gamba lenye nyufa.

Nilinyanyua kipande kimoja cha gamba kwa ncha ya kisu. Kilikuwa na unene wa sarafu mbili zilizopandana. Chini yake nikakuta miche mitatu ya karoti, mieupe, membamba kama uzi, imepinda shingo. Ilikuwa imesukuma mpaka ikaishiwa akiba yote iliyotoka nayo kwenye mbegu.

Mbegu zilikuwa zimeota. Zilikosa mlango tu.

## Swali moja

Kuna mama jirani ambaye amelima bustani yake kwa miaka mingi kuliko niliyoishi. Nilimwita aje aone. Nilitarajia ataniuliza mbegu nilitoa wapi au nimetia mbolea gani.

"Ulilima lini?"

"Jumamosi ile, mama."

"Na mvua ilikatika lini?"

"Alhamisi usiku."

Akanyamaza. Akainama, akachimba kwa vidole mpaka chini ya gamba, akatoa bonge, akaligeuza akauona ule upande unaong'aa. Akapitisha kidole gumba juu yake polepole, kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto.

"Mwanangu," akasema, "udongo huu ulikuwa bado unakunywa."

Akanirudishia bonge, akaenda zake. Hakunilaumu wala hakunipa somo. Lakini sentensi ile sikuweza kuitoa kichwani. Nilikuwa nimesoma kuhusu mboji, nimesoma kuhusu nafasi kati ya mche na mche, na yote hayo niliyasoma nikichukulia kwamba udongo ni kitu kilichotulia pale kinanisubiri. Sikuwahi kufikiri kwamba Jumamosi asubuhi ulikuwa katikati ya shughuli yake.

## Nusu yake ni nafasi

Jambo lililonigeuza mawazo ni hili: udongo mzuri wa bustani, ukiupima kwa ujazo, karibu nusu yake si udongo. Madini, yaani mchanga, vumbi laini na mfinyanzi, huchukua takriban asilimia 45. Mabaki ya mimea na viumbe huchukua kama asilimia 5. Asilimia 50 inayobaki ni nafasi, na siku ambayo mambo ni mazuri nafasi hiyo hugawanywa kati ya maji na hewa.

Soma tena. Nusu.

Nafasi hizo hazilingani. Kubwa ndizo njia za maji kushuka mvua inaponyesha, na maji yakishapita hewa huingia mahali pake, mizizi ikapumua. Ndogo hushika maji kwa kuyang'ang'ania, ndiyo maana mmea haufi siku ya pili baada ya mvua. Mizizi mipya hupita penye upenyo au penye udongo uliolegea kiasi cha kusogea. Haitoboi tofali.

Sasa chukua udongo wa mfinyanzi uliolowa. Chembe zake ni bapa na ndogo mno, na zikiwa na maji katikati huteleza moja juu ya nyingine. Beleshi likipita hapo huzilaza na kuziba kila tundu lililokuwa njiani. Buti la mkulima aliyesimama juu yake hukamua hewa iliyobaki. Jua likija, maji yanatoka, chembe zinavutana, na kilichokuwa pande laini kinakuwa kitu cha kujengea nyumba.

Lugha yetu ilikwisha kusema haya kabla yangu. Udongo huu tunauita mfinyanzi, na mfinyanzi ni mtu pia. Yule afinyangaye vyungu hukanda udongo mbichi makusudi, aupige, aukunje, autoe hewa yote, maana mapovu ya hewa hudhoofisha kuta za chungu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya Jumamosi ile, kwa bidii na kwa moyo mmoja, mahali nilipotaka karoti.

(Mwenye udongo wa kichanga ana nafuu katika hili. Ana shida nyingine, ya maji na virutubisho kumkimbia, lakini ardhi yake humsamehe haraka akiilima ikiwa na unyevu.)

Na ule unga? Nao ulikuwa kosa la aina ileile. Nilivunja kila kibonge kidogo kikawa vumbi, matone ya mvua yakalipiga vumbi hilo, chembe zikajaza matundu ya juu, uso ukafungwa. Kitalu cha mbegu kinahitaji udongo uliovunjika vibonge vya ukubwa wa punje, si wa kuchekecha. Nilipendezwa na kitu kilichopendeza macho yangu tu.

## Gilasi mbili

Kwa siku kadhaa nilibishana na nafsi yangu. Huenda udongo wa hapa ndivyo ulivyo. Huenda hata ningesubiri mwezi mzima ningepata mabonge yaleyale.

Nikafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani. Nilichukua kibonge kimoja kutoka kwenye eneo nililolima, na kingine kutoka chini ya ua, hatua nne tu kutoka hapo, mahali penye nyasi pasipochimbwa kwa miaka. Vyote viwili saizi ya njugu. Nikaviacha vikauke kabisa. Kisha gilasi mbili za maji, na nikavitia polepole, kimoja kimoja.

Cha eneo langu kilitoa mapovu machache, kikaanza kumomonyoka pembeni. Kabla dakika tano hazijaisha kilikuwa lundo la tope chini ya gilasi na maji yamechafuka.

Cha chini ya ua kilikaa. Kilitoa mapovu madogo madogo, kikanywa maji, kikabadilika rangi. Baada ya saa nzima bado kilikuwa kibonge, na maji yalikuwa meupe kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili.

Udongo uleule. Hatua nne.

Kilichovitofautisha hakionekani kwa macho, au kinaonekana kwa shida. Maji yanapoingia ghafla ndani ya kibonge kikavu, hewa iliyomo inabanwa na kusukuma kutoka ndani. Kibonge kisicho na kamba kinapasuka. Kile cha chini ya ua kina kamba: vimizizi vyembamba vya nyasi, nyuzi za kuvu zinazopita kutoka chembe hadi chembe, na ute unaoachwa na bakteria na nyungunyungu. Hiyo ni kazi ya miaka, na haifanywi kwa mikono. Jembe linaweza kulegeza, linaweza kuchanganya, lakini haliwezi kushona. Kila pigo lake linakata nyuzi.

Siku ile nilikaa muda mrefu mbele ya zile gilasi.

## Mboji niliyoiwahisha

Lazima nieleze na upande wa spinachi, maana huko nako nilikosea, na chanzo kilikuwa kilekile.

Lundo langu la mboji lilikuwa na hadithi nzuri mwanzoni. Lile la kwanza lilikuwa dogo, halikupata joto hata siku moja. Nilipolipanga upya likafika karibu mita moja kila upande, basi siku ya tatu likawa moto. Lundo dogo hupoteza joto kwa kasi kuliko linavyolitengeneza. Ukubwa wa mita moja ndio huanza kulihifadhi. Lundo likiendeshwa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati, na nakumbuka nilivyotia mkono nikauchomoa upesi. Nililigeuza kila wiki. Nililinyunyizia maji mpaka likawa na unyevu wa sponji iliyokamuliwa.

Nilichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa maranda ya mbao, na niliyatia kwa wingi.

Viumbe wanaoozesha lundo hufanya kazi vizuri wakipata takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Majani mabichi na mabaki ya jikoni yana naitrojeni ya kutosha. Maranda yana kaboni mamia kwa moja. Kwa hiyo Jumamosi ile ilipofika, lundo lilikuwa limepoa juu lakini ndani bado niliyaona maranda, rangi yake ya mbao haijabadilika, na vikonyo vyenye umbo lake kamili. Mboji iliyoiva huwezi kutambua ilitokana na nini. Inanuka kama msitu baada ya mvua.

Niliyaona maranda. Nikamwaga hivyohivyo, kwa sababu eneo lilikuwa tayari na siku ilikuwa moja.

Wiki ya tatu majani ya chini ya spinachi yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Njano ikapanda. Kisha nikadhani ni ugonjwa, nikang'oa miche miwili kuangalia mizizi, nikaona ni mizima, mifupi tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mmea ulikuwa na njaa katikati ya chakula. Bakteria walikuwa bado wanayala yale maranda, na ili wayale walihitaji naitrojeni, na kwa kuwa ndani ya maranda haimo waliichukua kwenye udongo kabla mizizi haijaifikia. Mmea ukikosa naitrojeni huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, ndiyo maana njano huanzia chini.

Maranda yaleyale, yangetandazwa juu ya udongo kama matandazo, yasingeleta balaa hilo. Yangegusana na udongo kwenye uso tu. Kosa langu lilikuwa kuyazika.

Sasa ninaipima mboji kabla ya kuitumia. Natia kiasi kwenye mfuko, nailowesha, nafunga, naiacha siku kadhaa. Nikifungua ikanuka vibaya, bado. Au nasia mbegu za figili kwenye mkebe wa mboji na kwenye mkebe wa udongo wa kawaida, nalinganisha. Figili huota ndani ya siku chache, haziwezi kukuchelewesha.

## Basi tusilime?

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, na sina hakika kama nimemaliza kukwamuka.

Wapo wanaosema usiguse ardhi kabisa: tandaza maboksi juu ya nyasi, mwaga mboji juu yake, panda, mengine waachie nyungunyungu. Hoja yao ina uzito. Mwaka 1881 Charles Darwin, baada ya kufuatilia nyungunyungu kwa miongo kadhaa, aliandika kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupitia matumboni mwao kila mwaka. Walilima kabla ya jembe na wanalima bado. Nami asubuhi ile niliwakata wangapi? Tuliambiwa utotoni kwamba ukimkata mmoja wanakuwa wawili. Si kweli. Akibahatika, upande wenye kichwa huota mkia. Upande wa pili hufa.

Tena kulima hukudanganya kwa zawadi. Unapotifua unaingiza hewa nyingi kwa mpigo, bakteria wanaamka, wanakula mabaki yaliyokuwa yamehifadhiwa, na virutubisho vinamwagika. Mboga za msimu wa kwanza zinastawi, nawe unalisifu jembe. Lakini ile asilimia 5 ndiyo iliyoliwa, na kaboni yake imepanda hewani. Jembe lilikukopesha mali yako mwenyewe.

Hata hivyo siwezi kuungana nao moja kwa moja. Eneo langu lilikuwa limekanyagwa na watu miaka mingi. Nilichoma chuma chembamba ardhini, kikagota kwenye tabaka gumu sentimita 15 chini. Kuweka mboji juu ya sakafu na kungoja nyungunyungu waipasue ni kungoja sana. Na kuna ndago. Maboksi huua nyasi nyingi kwa kuzinyima mwanga, lakini ndago huyatoboa kwa ncha yake kama sindano. Nayo kulima haiiondoi. Vile viazi vyake vidogo vimeungana chini kwa nyuzi, ukikata nyuzi kila kimoja kinaota peke yake. Ndago dawa yake ni kuichimba kwa uangalifu na kufuata uzi mpaka mwisho, na kurudi tena, na tena.

Kwa hiyo msimamo wangu leo ni huu: ardhi iliyoshikana ilegezwe mara moja, kwa siku yake, halafu iachwe. Kulegeza si kugeuza. Jembe la uma unalichoma lote, unalivuta mpini kuelekea kwako mpaka uone ardhi inapanda kidogo na kupasuka, unalitoa, unarudi nyuma hatua moja. Udongo wa juu unabaki juu, wa chini unabaki chini. Na ardhi ndiyo inayoamua ipasukie wapi. Inapasuka penye udhaifu wake, haikatwi na chuma.

## Nusu ya kwanza

Nimerudia nusu ya eneo. Nimeligawa vitalu vyembamba, ili nifike katikati kwa mkono kutoka upande wowote, na mguu usikanyage tena ndani. Nilipima mboji safari hii: mita za mraba 5 kwa tabaka la sentimita 5 ni lita 250, toroli tatu hivi. Mara ya kwanza sikupima, nilimwaga mpaka macho yakaridhika. Na mboji nayo ina kikomo. Ukiijaza kila msimu, hasa ile yenye samadi nyingi, fosforasi hurundikana ardhini kuliko mimea inavyoweza kuitumia. Safari ya kwanza nachanganya kidogo na udongo wa juu. Miaka inayofuata sentimita 2 au 3 juu, basi.

Nusu ya pili bado haijaguswa. Ilinyesha Alhamisi.

Leo ni Jumamosi, jua limetoka, na sina kazi nyingine yoyote. Nimetoka na uma begani saa moja asubuhi. Nimechimba kishimo kina cha kiganja, nikachukua udongo wa chini, nikaufumbata kwa nguvu, nikafungua mkono. Kisha nikausukuma kwa kidole gumba. Ungekuwa tayari ungevunjika vipande. Haukuvunjika. Kidole kimezama, kikaacha alama, na mistari yote ya ngozi yangu ikabaki imechorwa pale.

Nimerudisha uma ukutani. Kitonge nimekileta ndani, nimekiweka dirishani kando ya lile bonge. Alama ya kidole bado inang'aa kwa maji.